Kasuku na Mdundo wa Kigogota

Kigogota aligonga mdundo kwenye mti mkavu, akawaruhusu ndege wote wautumie katika nyimbo zao, hata za kuuza. Masharti yalikuwa mawili: uongeze chako juu yake, na usidai kwamba mdundo ni wako.

Kasuku aliitikia "ndiyo, ndiyo" kabla Kigogota hajamaliza kusema. Aliuchukua mdundo mtupu, akaupa jina lake, na hiyo ndiyo kazi yote aliyoifanya. Kisha akawauzia wenzake mdundo huo kama wimbo. Siku alipomsikia Chiriku akiimba juu ya mdundo uleule, alimburuta hadi kwa hakimu Kobe.

"Mheshimiwa, huyu kaniibia wimbo wangu."

"Mdundo tulipewa wote na Kigogota," alijibu Chiriku.

Kobe hakutaka mabishano, akaagiza Kigogota aitwe. "Kigogota, chukua mdundo wako. Sasa kila mmoja aimbe kilichobaki."

Chiriku aliimba beti tatu za mapenzi, karani akasahau kuandika. Ikaja zamu ya Kasuku. Alitengeneza manyoya, akakohoa, akafungua mdomo, akaufunga.

"Andika, karani," alisema Kobe. "Wimbo wa Kasuku tumeusikiliza mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyeuiba."