Amana ya Nyayo

Doa lilikuwa kwenye msala, mahali pale pale alipoweka Bi Esha mguu wake wa kulia. Aliyeliona ni jirani yake Umi, kwa kuwa macho ya Bi Esha yalikwisha kuingia ukungu kwa maradhi ya sukari. Umi aliuinua mguu, akautazama chini. Kisha akamwambia kwamba chini ya dole gumba pana kidonda kinachotoa usaha.

Bi Esha hakuamini. Asubuhi ile ile, alipokuwa akitia udhu, simu yake ndogo ililia, na sauti ya kila siku ikamwambia: "Nyayo zako ni salama."

Kwa miaka miwili nyayo hizo zilikuwa amana ya mumewe, Bwana Taha. Ganzi ilizishika hata hakuhisi mwiba wala kaa la moto, na kuziona hakuweza. Zahanati ilimtilia Bwana Taha programu katika simu yake: kila siku, kabla ya adhana ya alfajiri, azipige picha. Programu haikupokea picha ya jana. Ikiona jeraha, huwaita wauguzi; isipoona, humpigia Bi Esha kumpa habari njema. Na siku ambayo picha haikufika, wauguzi hupiga simu nyumbani kuuliza kulikoni.

"Wake wa watu hupigwa picha za nyuso," Umi alizoea kumtania. "Wewe mumeo kapenda nyayo."

"Na wewe umepigwa ya nini?" Bi Esha humrudishia, nao wakacheka.

Katika masharti ya zahanati, moja tu lilimkaa moyoni. Alikatazwa hina, kwa kuwa wekundu wake huficha wekundu wa jeraha. Tangu aolewe hakuwahi kuipokea Idi kwa miguu mitupu. Bwana Taha alimpoza, akisema kwamba kwake yeye nyayo nzima ni pambo tosha.

Tangu mwezi wa Rajabu Bwana Taha alizidisha ibada. Baada ya sala ya isha alitoka kwenda kukesha msikitini, akirejea nyumbani kabla ya adhana kupiga picha, kisha akaondoka tena. Bi Esha hakupata kumsikia akiingia.

"Nilikukuta umelala, nikafunua shuka tu," humwambia. "Sikutaka kukuamsha."

Naye, ambaye hangehisi hata kama wayo wake ungeshikwa kwa mikono miwili, alimwombea dua kila alipotoa salamu ya sala.

Adhuhuri Bwana Taha alirudi, akaoneshwa kidonda. Aliketi, akashika kichwa.

"Chombo hiki hakina amana," alisema. "Kimetuhadaa."

Akaitoa simu, akaifuta programu pamoja na picha zake zote. Akasema kwamba zahanati hakuna haja ya kwenda kugombana na watu. Yeye mwenyewe atanunua dawa ya kuoshea, na kidonda kitakauka.

Katika miaka thelathini na minne Bi Esha hakuwahi kuvunja neno la mumewe. Lakini kidonda hakikumuuma hata kidogo. Kilichomuuma ni kuhadaiwa na sauti aliyoiamini, sauti aliyoanza nayo siku, baina ya udhu na sala. Bwana Taha alipotoka kwenda kusali alasiri, alimwita Umi, wakakodi punda, wakashika ndia ya zahanati.

Muuguzi Hadil aliuosha mguu juu ya kigoda. Hakuzungusha maneno. Alisema dole huenda likakatwa, na kwamba lau kidonda kingeonekana majuma matatu nyuma, dawa peke yake ingetosha.

Bi Esha alikaza buibui lake kifuani. "Basi nambie, mwanangu. Mashine yenu imenidanganya siku ngapi?"

Hadil alikiri kwamba picha ambazo mashine imeziona salama hazitazamwi na mtu. Lakini zote huhifadhiwa pale zahanati, hata zikifutwa kwenye simu. Akafungua kompyuta, akaanza na za mwaka uliopita: nyayo kavu, zenye mipasuko kisiginoni. Akasonga mbele mwezi baada ya mwezi hadi akafika Rajabu. Hapo mkono wake ukasita.

"Mashine haikudanganya," alisema. "Nyayo hizi ni nzima kweli." Akasogeza uso karibu na kioo. "Lakini Bi Esha, si tulikukataza hina?"

"Huu mwaka wa pili sijaigusa."

Umi alikuwa akichungulia begani mwa muuguzi. Mzaha wote ulimtoka usoni.

Hadil aliutazama mguu uliokuwa juu ya kigoda, mtupu, usio na rangi. Akarejea kwenye kioo, ambako maua mekundu yalipanda kutoka kwenye wayo laini hadi juu ya kifundo, bila kuacha pengo.

"Basi hii hina ya bibi harusi," aliuliza polepole, "amepakwa nani?"