Betri za Kamera ya Marehemu

Zamda aliweka kamera ya filamu ya marehemu baba yake juu ya kaunta. Mama yake alikuwa hajiwezi kitandani, na alitaka picha yake ya mwisho ipigwe kwa kamera ya mumewe.

Mwenye duka, Shebughe, aliitazama kama panya aliyekufa. "Dada, takataka hii bado unaibeba? Nunua simu."

"Nimekuja kununua betri, kaka. Ushauri sikuuomba."

Shebughe akamsukumia betri zilizoshika kutu. Zamda akazitia, akachungulia. Mshale wa kupimia mwanga, ndani ya kitundu cha kuchungulia, haukutikisika. Akazirudisha kwa ncha za vidole.

"Hizi zimekufa. Nipe zile za kwenye pakiti, nyuma yako."

Shebughe akasonya, akampa. Safari hii mshale uliruka. Zamda akamwelekezea lenzi ili ahakikishe kipimo kinafanya kazi, na yule bwana akafunga kifungo cha shati, akafuta jasho, akainua kidevu.

"Haya, piga," alisema kwa sauti laini.

Filamu ilikuwa imebakiza picha moja tu. Zamda akaifunika lenzi, akalipa, akatoka bila kuaga.

Shebughe alibaki vilevile, kidevu juu, akiutabasamia mlango mtupu.