Zawadi ya Bibi Harusi

Nunziata alisoma majibu ya maabara mara mbili, akasonya. Mchungwa wa baba yake, uliostawi kuliko yote chini ya mlima Etna, ulikuwa na aina kali ya kirusi, ile ile iliyokausha mashamba ya majirani.

"Baba, si nilikukataza kugawa vijiti vya kubebeshea, watu wakaviunge kwenye miche yao?"

"Sasa mwanangu, bibi harusi ataondokaje mikono mitupu? Na huo mti unaumwa wapi, jamani?"

"Wenyewe unavumilia! Kijiti chake kikibebeshwa kwenye mti mwingine, kinauua! Haya, nitajie maharusi wote uliowapa."

Mzee alifuta kisu kwenye suruali, akakunja kidole cha kwanza, kimegandiwa na utomvu.

"Wa kwanza wewe. Shamba zima la mumeo si limetokana na vijiti vyangu?"