Wimbo wa Bi Mize

Kila asubuhi Bi Mize huimba akikuna nazi, wimbo alioutunga mwenyewe kumbembelezea bintiye Saada. Leo hakufika kwenye kiitikio. Sikio la ukutani, ambalo kila nyumba hufungiwa ili nyimbo za watu zisiimbwe bila ruhusa, lilimkatiza: "Wimbo huu una mwenyewe. Tafadhali nyamaza."

"We kidude, mwenyewe si mimi?" Bi Mize alilifokea. "Ulikuwepo mwanangu akinikesha?"

Saada alikimbilia blogu yake ya muziki. Faili lilikuwa limezuiwa. Mwezi uliopita alimrekodi mama kwa siri, akaupandisha wimbo ili dunia imsikie. Jina la mtunzi hakuliandika, alitaka kumshtukiza mama baadaye. Kampuni inayohifadhi mafaili ya blogu ikajiandikisha yenyewe kuwa mwenye wimbo.

Aliporudi jikoni, mama alikuwa akikuna kimya, kichwa kikifuata mapigo yale yale.

"Nani kaniibia, mwanangu? Sijawahi kuuimba nje ya jiko hili."

Saada alikuwa na uongo tayari, kwamba mashine imekosea. Akaitazama ile mikono yenye chembe za nazi.

"Hukuibiwa, mama. Mimi ndiye niliyewapa."