Gari Lenye Buti la Bluu

Jiwe la kwanza alilirusha Apolonia mwenyewe. Lilipasua kioo cha nyuma cha kile kigari cheupe, na kabla vipande havijamaliza kudondoka, keshainama kuokota la pili.

"Ndilo hili," aliwaambia wenzake. "Buti la bluu. Ndilo lililomuua Anjela wangu."

Wauza nyanya wa pale Ilula walilijua buti hilo kwa kusimuliwa. Tangu msiba, Apolonia hakuwa na wimbo mwingine: gari dogo jeupe, la zamani, limevalishwa buti la bluu la gari jingine. Lilimgonga mtoto ukingoni mwa lami akitoka shule, likasita kidogo, kisha likatimua mbio. Mama alikuwa ng'ambo ya barabara, ndoo ya nyanya kichwani. Aliliona mgongo tu.

Leo limerudi, mchana kweupe. Limekuja kimya, dereva kazima injini tangu juu ya mteremko kama wafanyavyo wabana mafuta, likapita meza yake kidogo ndipo likasimama. Kijana mmoja akatoa kichwa dirishani.

"Kamwene, mama. Ndoo bei gani?"

Kihehe chake kiliishia kwenye salamu. Lafudhi ilikuwa ya Kisukuma. Alikuwa na uso wa mtu anayeifurahia safari yake. Ndipo jiwe likaja.

Walimtoa kupitia dirishani. Mlango ulikuwepo, lakini nani angengoja ufunguliwe? Akapigwa ngumi, akapigwa mbao za makasha ya nyanya, mwanamke mmoja akavua kiatu na kumcharaza nacho kichwani. Jina lake Masanja, alilia, mtu wa Usangu, mfugaji, hajawahi kuua hata mbwa.

"Gari nimelinunua wiki hii, jamani. Sijawahi kupita huku. Huyo aliyeniu..."

Teke lilitoka ubavuni likamnyamazisha. Meno yalimtoka pamoja na damu, na maneno yaliyobaki akayameza.

Lilikuwa teke la Tadeo, kaka yake Apolonia. Tadeo alikuja kwa basi kutoka Mbeya kumjengea mpwa wake kaburi. Saruji kanunua yeye, marumaru kanunua yeye, na mtu alipotaka kuchangia alikasirika. Alikuwa anachanganya zege aliposikia yowe, akaja mbio na koleo mkononi.

"Mfunikeni sura," alisema akihema. "Dada yangu asiione. Itamrudia usingizini."

Kikaletwa kiroba cha mbolea, Masanja akavikwa kichwani mpaka mabegani. Apolonia alimtazama kaka yake na moyo ukamjaa. Watu wote walikuwa wanampigania mtoto aliyekwisha kufa. Tadeo peke yake alikumbuka kwamba mama yake bado yu hai.

Kisha Tadeo aliinua koleo, akalishusha kwenye mguu wa yule kijana. Mfupa ulilia. Wengine walirudi nyuma hatua moja, yeye akalishusha tena.

Mzee Zabron, anayeuza vitunguu meza ya pili, alijaribu kusema wampeleke polisi.

"Polisi atalala leo," Tadeo alimjibu. "Kesho atapita hapa anawapungia mkono."

Hapo mzee akarudi kwenye vitunguu vyake, maana wengi walishaanza kuitikia.

Obeid, kijana wa bodaboda, alileta mpira na dumu, akaenda kufungua tangi la kigari. "Tumwagie mafuta yake mwenyewe," alisema. Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na Apolonia alicheka pia.

"Hayo achana nayo," Tadeo alisema. "Dizeli haishiki upesi. Toa petroli kwenye pikipiki yako."

"Kigari kama hiki, dizeli? Mjomba nawe." Obeid alivuta kwa mdomo, mara akatema na kujifuta ulimi kwa mkono wa shati. "Loo, dizeli kweli. Mjomba, wewe kiboko."

Wakaenda kwenye pikipiki. Petroli ikamwagwa juu ya kiroba, juu ya kifua, juu ya mguu uliopinda. Ndani ya kiroba Masanja alikohoa, akaanza kumwita mama yake kwa Kisukuma.

Kiberiti akapewa Apolonia. Hakuna aliyeuliza kwa nini yeye. Ilikuwa haki yake. Alikishika. Tangu wamfukie Anjela alikuwa ameiomba saa hii kanisani, palepale mbele ya sanamu ya Bikira, na hakuona aibu. Alitaka muuaji aungue. Alitaka kusikia.

Ila muuaji huyo hakuwahi kuwa na sura. Kila usiku, katika kila ndoto, lilikuwa buti tu, likienda.

"Ngoja kwanza nimwone," alisema.

"Usimwone, mdogo wangu. Washa."

"Nitamwona, kaka. Mimi ndiye niliyemzaa mtoto."

"Washa, nakwambia." Tadeo alimshika mkono, koleo likamponyoka likaanguka kwenye lami.

Apolonia alijinasua, akapiga magoti kwenye petroli, akakivuta kiroba.

Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Lile jingine lilikitazama kiberiti, likamtazama yeye, kisha likapanda juu ya bega lake na kutulia hapo. Uso wote ule uliopondwa ukalegea, kama wa mtoto aliyepotea sokoni akamwona mtu wa kwao.

"Mzee Tadeo," Masanja alisema, "afadhali umefika. Hebu waambie hawa, uliniuzia lini."