Miguu ya Ammon Ilipotulia

Ammon Esh hakuwa na umeme. Hakuwa na gari, simu wala televisheni. Hakuwa na masharubu, ila ndevu. Wala vifungo kwenye koti, ila kulabu, kama wanaume wote wa kanisa lake, linalokataa mambo ya kisasa, huko Pennsylvania. Vyote hivyo hakuwa navyo, wala hakuvitamani. Kitu kimoja tu alikikosa kikamuuma: usingizi.

Kila alipopanda kitandani, miguu ilianza. Haikuuma. Iliwasha kwa ndani, kana kwamba sisimizi wamepata njia katikati ya mifupa, na haikutulia ila kwa kuitikisa. Akiitikisa, mateke yalimfikia Malinda, mkewe. Basi alishuka ngazi taratibu hadi jikoni, akakaa huko na taa ya mafuta mpaka miguu ichoke. Alipopanda tena, jogoo alikuwa anawika. Miaka tisa ilipita hivyo.

Asubuhi alifungua karakana yake ya hatamu za farasi, macho mekundu kama ya mlevi, ilhali hajawahi kuonja hata bia.

Hakuna msiba usio na kheri yake, maana katika miaka hiyohiyo tisa jina la Malinda lilivuma. Kila mwezi wa Machi kikosi cha zima moto cha kijiji, walewale waliookoa ghala la Ammon lisiteketee, kilifanya mnada wake wa kuchangisha fedha. Na kila mwaka kitu kilichowagombanisha wanunuzi kuliko vyote kilikuwa blanketi la vipande vya vitambaa, lenye nyota tupu, kutoka nyumba ya Esh.

"Wifi, mikono yako ni ya malaika!" alisema Sadie, dada yake Ammon, kila alipopita kunywa kahawa.

"Usiisifu mikono yangu," Malinda alijibu, akiinamisha kichwa. Askofu alikwisha kumtaja mbele ya kanisa kuwa mfano wa unyenyekevu.

"Lakini haya mablanketi yanashonwa saa ngapi? Mchana sijakuona kwenye cherehani hata siku moja."

"Yanashonwa usiku. Kwani nani analala nyumba hii?"

Sadie alicheka mpaka akashika mbavu. "Kweli, na mateke ya kaka yangu! Na hizi nyota za bluu za mwaka huu, jamani…"

"Zambarau," alisema Ammon, nyuma ya gazeti.

"Haa! Wanaume na rangi, wapi na wapi? Rudi kwa farasi wako, kaka!"

Ikafika Jumapili moja ya Januari. Katikati ya mahubiri Ammon alikoroma, akaporomoka kutoka benchini, akamwangukia shemasi. Askofu hakucheka.

"Ndugu Ammon, nenda kwa daktari," alisema baada ya ibada. "Kukoroma tumezoea. Kuanguka, hapana."

Dakta Hostetter wa mjini alimpima damu. "Mzee Ammon, madini ya chuma yamepungua mwilini mwako. Utameza vidonge hivi vya chuma, na hiki kidogo kila jioni. Vingine nitakutumia kwa posta kila mwezi. Na kahawa, basi."

"Hata kikombe kimoja?"

"Hata harufu yake."

Kabla ya wiki kwisha, Ammon alilala. Alilala fofofo, usiku kucha, jogoo akawika peke yake. Mashavu yakajaa. Wateja wa hatamu walimkuta akiimba tenzi.

Malinda hakuimba.

"Umelala tena mpaka asubuhi," alimwambia siku moja, kama anayemshtaki.

"Nimelala, kwa neema ya Mungu."

"Mnada umebaki wiki tatu."

"Najua, mama."

Siku hiyo Sadie alikuja, akainua kona ya blanketi lililokunjwa kapuni. Akashtuka.

"Nusu! Wifi, mumeo amepona, na wewe ukaona ulale naye? Kumbe uvivu unaambukiza! Zima moto wameshalitangaza gazetini. Na neno la ahadi uliwapa wewe mwenyewe, mbele yangu."

Malinda alimtazama mumewe. Ammon akaitazama miguu yake, iliyotulia chini ya meza kama watoto waliokaripiwa.

Neno ni neno. Vijana wale wa zima moto walikuja kwenye theluji hadi magotini kuliokoa ghala lake, wasimwombe hata asante. Lakini usingizi nao ulikuwa mtamu! Miaka tisa aliusubiri, na ameuonja wiki sita tu.

Sadie alipoondoka, Ammon alisema, "Nipikie kahawa."

"Daktari alikukataza."

"Najua alichonikataza."

Malinda hakubishana. Alikijaza kikombe hadi ukingoni, kisha akamsogezea karatasi na kalamu.

Ammon aliandika polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nane na hajaona haya:

"Mpendwa Daktari, nakushukuru. Miguu imepona, nalala kama mtoto mchanga. Tafadhali usitume dawa nyingine mpaka mnada wa zima moto upite. Nimejaribu kukesha kwa hiari yangu, nikashindwa. Cherehani yetu ni ya kukanyaga, na bila wale sisimizi miguu yangu haishuki kitandani. Mchana siwezi, maana wateja huingia bila kubisha hodi. Zimebaki nyota ishirini na sita. Kwa kuwa kazi yako ni kutunza siri, nakwambia na hili: Malinda ni mke mwema, lakini tangu nimwoe hajawahi kushona mstari ulionyooka."

Aliikunja barua, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba. Kisha akatembea hadi barabarani, akaitia kwenye sanduku lao la posta, na kuinua kibendera chake chekundu ili mtu wa posta asiipite.