Mama wa Alama Kumi

Korongo alifundisha kuchora katika shule ya wanyama, na kila picha aliipa alama. Siku moja aliwaambia wanafunzi wachore mama zao. Mtoto wa Kiboko akamchora wake kwa furaha, mnene, anacheka.

"Shingo iko wapi? Na miguu mbona mifupi hivi?" Korongo aliuliza. "Sifuri. Rudia!"

Mtoto alilia, kisha akachungulia picha za wenzake waliosifiwa, akachora upya.

Siku ya wazazi picha zilibandikwa ukutani. Mama Kiboko akaiona ya mwanawe: ndege mwembamba, miguu kama fito.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi?"

"Ukiwa hivyo unapata kumi. Ukiwa wewe mwenyewe unapata sifuri."

Wazazi wakaangua kicheko. Korongo akautazama ukuta, akaona korongo watupu, hata mama yake Kobe! Akaona haya, akafuta alama zote.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Hebu mchore tena mama yako, vile unavyomwona."

Mtoto akaruka kwa furaha. "Basi naomba karatasi mbili, mwalimu. Moja haimtoshi."

Mama Kiboko ndiye aliyecheka kuliko wote.